Mazishi ya Kunde katika Bustani ya Sote

Ngwali aliingia nchi ya Sote kwa mguu, asubuhi, kiatu kimoja kimeachia soli. Alitoka wapi na alipita wapi tuyaache, maana njia zote zina vumbi lile lile, na mtu aliyetembea miaka arobaini hana hamu ya kusimulia vumbi. Alikuwa mzee asiyetulia. Shule aliisoma vipande vipande, miezi mitatu hapa, muhula mmoja pale. Kitabu cha kwanza alikisomea kusini, cha pili hakukiona mpaka alipoota mvi. Kwa hiyo alisoma polepole, na hata akisomewa alisikiliza polepole, neno moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Liweke hilo akilini, maana ndilo lililofanya kazi yote.

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa bustani. Mji wa Sote umeizunguka bustani yake kama wageni walivyozunguka sinia. Ni kubwa, hatua elfu kutoka ukingo hadi ukingo, na majani yake yamekatwa sawasawa kama kichwa cha askari mpya. Ndani hakuna mtu. Pembeni umepita mnyororo, nyuma ya mnyororo yamepangwa mabenchi, na kwenye mabenchi wameketi watu mamia kwa mamia, kimya, wamekodoa macho. Ngwali alidhani kuna mpira utachezwa, akangoja. Baada ya nusu saa ikalia kengele. Watu wakainuka kwa kushikana mabega, wakajikokota kwenda zao, na wengine wakaja kuketi mahali pao kukodoa macho vile vile.

Mwanamke mmoja hakuondoka. Alikuwa mrefu, wa makamo, ameketi karibu na mzee aliyeegemea benchi kama gunia lililomwagika nusu. Ngwali akamwamkia, akamuuliza hapa kunafanyika nini.

"Ni dawa, mgeni," alisema yule mwanamke kwa sauti ya chini. "Usiongee sana. Maongezi yanaharibu macho."

Jina lake Bi Somoe. Kwa sauti ile ile ya kunong'ona alimweleza mambo ya nchi, na Ngwali alisikiliza polepole kama ilivyo desturi yake.

Wasote hujivuna kwamba kwao hakuna tajiri wa ardhi. Waasisi wao waliandika kwamba udongo wa bustani ni wa Wasote wote, walio hai, waliokufa na wasiozaliwa bado. Kwa hiyo asiuguse hata mmoja ila kwa idhini ya wote. Kuna mtu zamani alitaka kupanda mche mmoja wa nyanya. Alikusanya saini za walio hai kwa miaka kumi na moja, akazifikisha ofisini, akaambiwa bado za waliokufa. Sasa naye yumo miongoni mwa wanaosubiriwa kutia saini.

Baadaye Wizara ya Ustawi iligundua, na hapo haikukosea, kwamba majani mabichi ni afya ya mtu. Ikafuta mashamba madogo yote ya kando ya bustani na kuyatia ndani ya bustani ili majani yazidi. Kila raia akaandikiwa dozi: kutazama kijani kutwa mara tatu, nusu saa nusu saa, baada ya chakula. Karani wa Macho alipita mbele ya mabenchi kuhakikisha hakuna aliyesinzia. Mboga zilikuja kwa lori kutoka nchi jirani, zikafika zimenyauka kuliko walaji. Watu wakavimba miguu, wakapanda presha, wakakosa usingizi, wakakaa miaka bega kwa bega bila kujuana majina. Kila ugonjwa ulipozidi, dozi iliongezwa.

Mzee aliyeegemea benchi alikuwa mumewe, Chande. Alikuwa na shamba la kunde na mchicha hapo hapo mbele, mahali yalipo sasa majani. Wizara ilipolichukua ilimlipa fidia ya benchi. Lipo mpaka leo, na kibao chake cha shaba: CHANDE, KWA SHUKRANI. Kwa miaka mitatu alikaa juu ya fidia yake akitazama lilipokuwa shamba lake. Mwaka wa kwanza aliacha kucheka, wa pili akaacha kutembea, na huu wa tatu hakuwa ametamka neno.

"Jana alikuja Mkaguzi wa Siha," alisema Bi Somoe. "Atarudi baada ya siku arobaini na tatu. Siku hiyo mume wangu asipoinuka kwenye benchi hili peke yake, wanampeleka Nyumba ya Mapumziko."

"Huko kukoje?"

"Unalazwa chali. Majani yamechorwa darini." Akamvuta mumewe kola, akamfuta mate. "Hajarudi mtu, mgeni. Hata wa kusema chakula chao kina chumvi."

Ngwali alikusudia kulala usiku mmoja tu. Lakini walimpa kibaraza, wakampa na uzi wa kushonea kiatu, na asubuhi aliona ni aibu kumwacha mwanamke amburure mume peke yake. Akashika upande mmoja, Bi Somoe upande wa pili, wakampeleka Chande kwenye dozi.

Huko alikuta desturi nyingine. Kila asubuhi, watu wakiwa wametulia, Msomaji wa Sheria hupanda kijukwaa na kuisoma sheria ya bustani toka mwanzo hadi mwisho. Husoma haraka kwa sauti ya kukwaruza, na Wasote wamejifundisha kulala macho wazi, kiasi kwamba Karani wa Macho hawezi kuwatofautisha. Msomaji mwenyewe anajua wamelala, na pengine naye amelala. Macho kweli alikuwa mtu mmoja tu, mgeni mwenye kiatu kilichoshonwa kwa uzi mweusi, akilichambua kila neno lililompita.

Siku ya tatu Ngwali alimgusa Bi Somoe kiwiko. Alimuuliza kama amewahi kusikia kipande cha katikati, kile kinachokuja baada ya faini ya mbwa. Bi Somoe akasema hakuna aliyewahi kufika huko. Basi Ngwali akamrudia kwa kumbukumbu, kwa namna ya mtoto anayesoma kwa kidole. Asiuguse udongo hata mmoja, isipokuwa mfiwa anayezika. Mfiwa atachimba na atafukia, atalimwagia kaburi maji asubuhi na jioni kwa siku arobaini ili vumbi lisiruke. Na kabla ya arobaini, kaburi lisiguswe na mtu mwingine, hata awe waziri.

"Hiyo ni ya zamani," alisema Bi Somoe. "Siku hizi watu wanazikwa mlimani."

"Imefutwa?"

"Nani aifute, na hakuna anayeisikia?"

"Bibi, katika nyumba yako una kitu kilichokufa?"

Bi Somoe alimtazama usoni kwa muda. Kisha akageuka kutazama majani, akahesabu kwa vidole kwenye paja, siku arobaini kuanzia leo. Ziliangukia siku ile ile ya Mkaguzi. Alipofika nyumbani aliingia jikoni, akatoka na chungu alichokiziba kwa kitambaa. Ndani, katika majivu, zilikuwa kunde za mavuno ya mwisho ya Chande.

Karani wa vizazi na vifo aliitwa Farijala, mtu mnene mpole aliyependa fomu kama wengine wanavyopenda wajukuu. Aliwakaribisha, akawapa pole kabla ya kuuliza lolote, akachovya kalamu.

"Marehemu ni nani?"

"Kunde," alisema Bi Somoe, akaweka kifurushi mezani.

Farijala akaandika. "Binti nani?"

"Binti Kunde."

"Umri?"

"Miaka mitatu."

"Mdogo, masikini," alisema Farijala, akafungua kifurushi. Akakitazama kwa kitambo. Hakuwa mjinga. Aliigeuza fomu akaisoma mbele na nyuma, akaisoma tena, na hakuna mahali ilipouliza kama marehemu ni mtu. Iliuliza mambo matatu tu. Amekauka? Farijala akabonyeza kwa kidole, akatia alama. Anapumua? Akainama, akasikiliza, akatia alama. La tatu, ameitwa mara tatu na hakuitika? Akajikohoza.

"Kunde," aliita kwa sauti ya kikazi. "Kunde. Kunde."

Wote watatu wakangoja.

"Hakuitika," alisema Farijala.

"Hakuitika," alikubali Ngwali.

"Lakini humu wamo wengi."

"Ni ajali moja. Walipatwa na jua."

Farijala akaona ni sawa. Akamuuliza Bi Somoe uhusiano wake na marehemu, naye akajibu kwamba marehemu amekaa naye jikoni maisha yake yote. Muhuri ukapigwa.

Walizika jioni ile ile, mbele ya benchi la Chande. Walikuja majirani kumi na mmoja, wote kwa udadisi, na walipofika kwenye mnyororo miguu ikawagoma. Mbali na wakata majani wa Wizara, hakuna aliye hai aliyewahi kuuvuka. Bi Somoe akavua viatu, akavuka. Majani yakamtekenya nyayo, akacheka, akajifunika mdomo kwa kanga kwa kukumbuka kwamba ni msiba. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, wakikanyaga kama watu wanaoingia chumba chenye mtoto aliyelala.

Ngwali alichimba. Alichimba alivyojua, shimo refu la mkono mzima, akaziweka kunde chini kwa heshima. Farijala, aliyekuja kusimamia, akasoma kwamba udongo wa kwanza utatiwa na mkuu wa kaya. Bi Somoe akasema mkuu wa kaya hajiwezi. Farijala akasema samahani mama, fomu haina nafasi ya asiyejiweza. Basi wakauchukua udongo, wakamletea Chande pale pale alipoegemea, wakamtia kiganjani na kumfunga vidole.

Vidole vile vilikaa hivyo. Kisha vikajikunja vyenyewe, vikaubonyeza udongo, vikauvunja, vikauchekecha. Chande akauleta mkono puani. Akanusa. Watu wakaacha kunong'ona.

"Nani kachimba shimo hili?" aliuliza Chande. Sauti ilitoka na kutu.

Ngwali akasema, "Mimi."

"Hujawahi kulima."

"Nimewahi kuzika."

"Inaonekana. Kunde anazikwa vidole viwili. Huko ulikomtia hatafika juu mpaka Kiama."

Bi Somoe akaangua kilio. Alilia kwa nguvu kiasi kwamba majirani walimsifu kwa kumpenda marehemu, na Farijala akaandika pembeni ya fomu kuwa mfiwa amelia vya kutosha. Huku nyuma Chande alikwisha kuomba fimbo, na kwa fimbo hiyo, bila kuondoka kwenye benchi, alikuwa anaonyesha: zitolewe zote, zilazwe mbili mbili, hatua moja kutoka shimo hadi shimo, mstari unyooke. Farijala akakumbusha kwa upole kwamba kibali ni cha kaburi moja.

"Hawa hawapatani," alisema Chande. "Ukiwalaza pamoja wanasongana."

Farijala akafikiri, akaandika nyuma ya kibali: makaburi mengi, kwa sababu za kifamilia.

Siku ya tano kunde zikachomoza. Wafiwa walikuja na makopo asubuhi wakakuta mistari ya kijani imeinamisha vichwa, nao wakainamisha vyao. Sheria iliwataka wote kumi na mmoja wamwagie maji mara mbili kwa siku, nao walikuwa watu wa sheria. Siku ya saba Chande aliuvuka mnyororo ameshika bega la mkewe. Ya kumi na nne alishika fimbo tu. Alikuwa anasema kutwa kucha kana kwamba anayalipa maneno ya mwaka mzima, mengi yakiwa ya kumlaumu Ngwali, kwamba anamwaga maji kama anayezima moto.

Sasa msiba una tabia ya kuvuta watu. Majirani wa majirani waliona, wakarudi nyumbani kukagua vyungu, na kila nyumba ikagundua imefiwa. Mwalimu mmoja mstaafu alimzika Mchicha. Mama mmoja alileta Bamia watatu, akasema ni mayatima, akalia kweli. Wengine waliagiza marehemu wao kwa dereva wa lori la mboga, wakafika wamefungwa kwenye karatasi. Foleni kwa Farijala ilizunguka jengo, na kutoka asubuhi mpaka saa za kufunga ilisikika sauti yake ndani ikiita, "Boga. Boga. Boga."

Makaburini watu waliongea, kwa kuwa mfiwa hakatazwi kupewa pole. "Poleni." "Tumeshapoa. Wako amechomoza?" "Juzi. Ila mchwa wanamsumbua." Watu waliokaa benchi moja miaka mitatu wakajuana majina. Wakajua nani anaumwa mgongo, akapelekewa mtu wa kumbebea ndoo. Nani ni mjane, akapewa kaburi la katikati, lenye maongezi mengi. Jioni walirudi nyumbani wamechoka miguu, wakalala kama mawe.

Wizara ikaingiwa na hofu. Karani wa Macho alileta taarifa kwamba mabenchi yamebaki nusu tupu, na kwa kipimo cha Wizara, benchi tupu ni afya iliyoporomoka. Ikaja taarifa ya zahanati: wagonjwa hawaonekani. Wizara ikahitimisha kwamba maradhi yamekuwa makali hata watu hawawezi kufika zahanati. Tabibu wa mji, aliyechoka kukaa peke yake na dawa zake, akatumwa kuwafuata mahututi waliko. Akawakuta wamebeba ndoo wanataniana. Alisimama pale na mkoba wake kwa kitambo, halafu akaomba ashikishwe ndoo kidogo tu, aone uzito.

Baraza likaketi siku nne. Ngwali alihudhuria zote, na alieleza baadaye kwamba hajapata kuona watu wenye akili nyingi hivyo wakifanya kazi ndogo hivyo. Kundi la kwanza lilidai kwamba kilichochomoza ni marehemu mwenyewe, basi hakuwa amekufa, basi kibali ni batili. Akaletwa Farijala. Akaapa kwamba alimwita mara tatu. Kundi la pili likasema kilichochomoza si marehemu bali ni mvamizi, ang'olewe. Likaulizwa atang'olewa vipi bila kugusa kaburi kabla ya arobaini, likakaa chini. La tatu likasema kila kilicho kijani ndani ya bustani ni majani, na majani yana ulinzi wa serikali. Hili ndilo lililoshinda, kwa kuwa saa ya chakula ilikuwa imefika. Kesho yake askari wawili walipangwa kulinda kunde za Chande dhidi ya mbuzi. Lakini Waziri aliongeza sharti kwa mkono wake: ulinzi wa makaburi yote unaisha arobaini ya kaburi la kwanza, na siku hiyo bustani nzima itasawazishwa.

Kwa hiyo siku moja ilibeba mambo mawili, na Bi Somoe hakuwa amekula tangu jana yake. Asubuhi bustani ilijaa. Upande mmoja alikuja Waziri na wakata majani thelathini wenye majembe. Upande wa pili alikuja Mkaguzi wa Siha na mkokoteni wenye shuka nyeupe. Mkaguzi alikwenda moja kwa moja kwenye benchi lenye kibao, akalikuta tupu, akaandika: hakuinuka.

"Hakuinuka vipi, na hakuketi?" aliuliza Bi Somoe.

Mkaguzi akaeleza kwamba mgonjwa huonekana kwenye benchi. Asiyeonekana kwenye benchi ameshindwa kutoka kitandani. Ndivyo mwongozo unavyosema. Wakati huo Chande alikuwa amechutama katikati ya kunde, anachuma majani ya arobaini, kapu liko nusu. Akauliza kwa sauti wanamtafuta nani.

"Chande," alisema Mkaguzi.

"Ndiye mimi."

"Chande ni mgonjwa."

"Alikuwa."

Haikusaidia. Mwongozo ulitaka ainuke kutoka kwenye benchi, si kutoka kwenye kunde. Chande akalitazama benchi kama mtu anavyomtazama mkwe aliyemdhulumu. Akaweka kapu chini, akavuka mnyororo, akaketi.

Na alipoketi, jambo baya likatokea. Alikuwa amechutama tangu alfajiri, na magoti ni magoti. Yakakaza. Pengine pia ni zile mbao, zilizokwisha kumzoea miaka mitatu. Alisukuma mara ya kwanza, akarudi chini. Akasukuma mara ya pili, akarudi chini. Bi Somoe alipiga hatua moja mbele. Mkaguzi akainua kalamu kumwonya kwamba akiguswa tu, imekwisha. Watu wa mkokoteni wakakunjua shuka. Ngwali alijikuta anatazama viatu vyake. Alisema baadaye kwamba katika safari zake zote hakuwahi kutamani kuondoka mahali kama alivyotamani dakika ile.

Chande alikuwa anapumua kwa nguvu, macho mbele, kwenye majani yale aliyoyatazama miaka mitatu. Ila sasa hayakuwa majani. Ilikuwa mistari yake, imenyooka. Na mkata majani mmoja, kijana mrefu aliyechoka kusimama, alikuwa anarudi nyuma kidogo kidogo kutafuta mahali pa kuegemea jembe, kisigino chake kikaja, kikaja, kikaning'inia juu ya mche wa kwanza wa mstari wa kwanza.

"Toa mguu wako hapo."

Chande alikwisha kusimama. Alikwisha kuvuka mnyororo. Alikuwa amemshika yule mkata majani ukosi na kumsogeza, na bado anamfokea kwamba mtu mzima haangalii anapokanyaga, kabla hajatambua mwenyewe alichofanya. Mkaguzi akalitazama benchi, akamtazama Chande, akapima umbali kwa macho, akafuta alichoandika. "Ameinuka," alisema. Halafu kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akaongeza: "Na ameenda."

Zikapigwa vigelegele mpaka askari wawili wa mbuzi wakashika bunduki kwa mshtuko. Lakini Waziri hakuwa amekuja kwa ajili ya magoti. Alipandisha sauti akasema arobaini imetimia, ulinzi umekwisha, majembe yaanze.

Bi Somoe alikuwa bado anafuta machozi. Akageuka kwa Msomaji wa Sheria, aliyesimama kwenye kijukwaa chake bila mtu wa kumlaza. "Ndugu Msomaji," alimwambia, na sasa hakunong'ona, "tusomee mstari wa kwanza. Polepole, kama kwa mgeni."

Msomaji akasoma. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma mbele ya watu walio macho. Udongo ni wa wote, walio hai, waliokufa na wasiozaliwa bado. Asiuguse hata mmoja, ila kwa idhini ya wote.

"Mheshimiwa," alisema Bi Somoe, "hii mizizi ukiing'oa inatoka na udongo. Umepata idhini yangu?"

"Mimi ni serikali, mama."

"Basi ni mmoja. Anza kukusanya saini. Walio hai tupo hapa hapa, hatutakuchosha, wote tunakataa. Waliokufa utawafuata mlimani. Wasiozaliwa," akamwonyesha mke wa jirani, aliyeshika ndoo juu ya tumbo la miezi minane, "utasubiri."

Mkata majani wa kwanza alilaza jembe lake chini, wa pili akafuatia, na baada ya muda ukasikika mlio wa vyuma vingi vikilala kwenye majani. Waziri alisimama katikati, jua limemwakia kipara. Akamuuliza Msomaji kwa sauti ya chini, yeye, hapa alipo, sheria inamruhusu kufanya nini. Msomaji akapekua.

"Kuwapa wafiwa pole," alisema, "na kula arobaini."

Basi akawapa pole. Majani ya kunde yalipikwa pale pale kwa nazi, ugali ukasongwa kwenye sufuria saba, na watu walikula wameketi chini, juu ya majani yasiyowahi kukaliwa. Waziri alikula amesimama kulinda cheo. Sahani ya pili aliila amechuchumaa. Ya tatu aliuliza kama boga lililokauka juu ya kabati, kwa mfano, linahesabiwa kuwa limekufa. Farijala akamwambia alilete aliite.

Mwezi uliofuata Wizara ilitangaza mpango wake mpya, uliobuniwa na wataalamu wake: kutazama kwa mikono. Wasote walisoma tangazo wakiwa na makopo mkononi, wakacheka, wakaacha Wizara ijisifu. Mnyororo ulishushwa, wakautumia kuvutia maji kisimani. Benchi la Chande lilihamishiwa katikati, likawa la kuwekea makapu. Watu wakamuuliza aonyeshe mipaka ya shamba lake la zamani arudishiwe. Akatembea akawaonyesha, kutoka hapa mpaka pale, hakukosea hata shubiri. Kisha akamwita yule mama wa Bamia, akamwambia aanzie hapo kwenye kona, udongo wake ni mzuri, ila asichimbe kama Ngwali.

Ngwali aliondoka kunde za kwanza zilipokauka, maana kiatu kilikuwa kizima na miguu ilianza kumwasha. Bi Somoe alimfungia gao la mbegu kwenye ncha ya kitambaa, akamwita shemeji. Chande hakuaga, alikuwa anagombana na tabibu juu ya mbolea. Lakini Ngwali alipokuwa keshafika barabarani alisikia sauti nyuma yake, na sauti ile haikuwa na kutu tena.

"Vidole viwili, mgeni. Usije ukaniaibisha huko uendako."

Mpakani alimkuta Farijala, kahamishiwa huko kwa kupandishwa cheo. Akakifungua kile kitambaa mezani kwa utaratibu, akajikohoza, akaita mara tatu, akangoja.

"Hakuitika," alisema. "Pole sana, mzee."

"Nimeshapoa," alisema Ngwali. Akaona kwamba karani, mtu safi wa fomu, ana udongo mweusi chini ya kucha zote kumi. "Na wewe umefiwa?"

"Bamia," alisema Farijala, akakifunga kitambaa vizuri na kumrudishia. "Juzi kachomoza."